Vitunguu saumu vya shingo laini: unayosikia na ukweli wenyewe

Kuna maneno mengi sana kuhusu kulima saumu nyumbani na mengine yanawatia watu hasara bure, nianze na hili ambalo kwangu ndo baya kuliko yote: eti hii aina ya shingo laini (ambayo shina lake halina kijiti kigumu katikati) haitaki baridi kabisa. Si kweli jamani! Inataka baridi kidogo kuliko ile ya shingo ngumu, ndo maana inafaa sehemu ambazo baridi yake sio kali, lakini isipopata kabisa unaweza kung'oa kitunguu kimoja cha duara, hakina hata punje moja iliyogawanyika, alafu mtu analaumu mbegu, analaumu udongo, kumbe mmea haukupata baridi tu. Kama kwenu kuna joto muda wote, weka vichwa vizima vya mbegu kwenye friji wiki 6 mpaka 8 kabla ya kupanda, ukitoa panda hapo hapo.

Na hapo hapo kuna wanaosema saumu ya kula inadumu zaidi kwenye friji. Hapana, baridi ile ile ndo inayoiamsha, itaanza kuchipua. Ya kula iweke mahali pakavu penye hewa.

"Weka mbolea mpaka mwisho vichwa viwe vikubwa." Aisee hapana. Naitrojeni ya kwenye mbolea inasaidia mwanzoni kwenye majani, na majani mengi yenye afya ndo yanalisha kichwa baadae, sasa kichwa kikishaanza kutuna ukiendelea kumwaga mbolea unapata majani mazuri ya kuangalia tu. Maji nayo punguza, wiki 2 au 3 kabla ya kuvuna acha kabisa.

Kuhusu kumenya punje kabla ya kupanda, usimenye, ganda linailinda isioze. Chagua punje kubwa, zile ndogo za katikati pika, ncha iangalie juu, kina sentimita 3 mpaka 5, nafasi kama 10 mpaka 15, na magugu usiyaachie maana mizizi ya saumu ni mifupi.

Saumu ya dukani haioti? Inaota nyingi tu, ila zingine zimewekewa dawa ya kuzuia kuchipua, na tatizo kubwa zaidi ni magonjwa. Kuna fangasi wa kuoza kweupe, akishaingia kwenye udongo anaweza kukaa miaka 20 na zaidi akisubiri, kwa hiyo mi naona bora utafute mbegu safi. Wanaodai harufu inafukuza wadudu wote nao wakaangalie thiripi, vile vidudu vidogo sana, wanavyoyala hayo majani.

Pia usisubiri majani yote yakauke ndo uvune. Kila jani ni ganda moja la kichwa, yakikauka yote maganda yanaoza ardhini, punje zinaachana na hazikai. Majani ya chini yakikauka kama theluthi mpaka nusu, chimba, usivute kwa nguvu. Usioshe, usikate majani, ning'iniza kivulini penye upepo wiki 2 mpaka 4. Ukitaka kusuka msuko wa saumu suka majani yakiwa bado yanapinda, yakikauka sana yanakatika, na zikikaushwa vizuri hizi za shingo laini zinakaa miezi 6 mpaka 9, saa nyingine zaidi.