Wanawake Waliomfundisha Mfalme Kuimba: Kutoka Otomae hadi Kamegiku

Mwaka 1157, Mfalme Go-Shirakawa wa Japani, aliyekuwa na umri wa miaka 30 hivi, alimwita bibi mmoja aliyekwisha kupita miaka 70 na kumwomba awe mwalimu wake. Bibi huyo aliitwa Otomae. Hakutoka katika ukoo wowote wa kifahari. Asili yake ilikuwa Aohaka, kituo cha wasafiri katika jimbo la Mino, miongoni mwa jamii ya kugutsu ambayo wanawake wake walijipatia riziki kwa kuimba, na aliletwa mji mkuu, Kyoto, akiwa bado msichana mdogo pamoja na mwalimu wake, Mei.

Ninaanza na Otomae kwa makusudi. Katika miaka yangu ya kusoma na kufundisha historia ya muziki wa Japani, nimekuta mara nyingi waimbaji na wachezaji hawa wakielezwa kama pambo la karamu za wakubwa. Maandishi ya wakati wao yanatupa picha nyingine: walikuwa wenye elimu, waliirithishana mwanamke kwa mwanamke, na aliyeitaka elimu hiyo, hata akiwa mfalme, ilimlazimu kukaa mbele yao kama mwanafunzi.

Elimu yenyewe ilikuwa ni imayo, nyimbo za mtindo mpya wa zama hizo. Ubeti mmoja wa imayo una mishororo minne, na kila mshororo una mizani 7 ikifuatiwa na mizani 5. Msomaji aliyezoea ukwapi na utao wa mashairi yetu atautambua mgawanyo huo mara moja, ingawa imayo haidai vina. Ugumu haukuwa katika maneno, bali katika sauti: namna ya kuivuta, kuipandisha na kuikata, mambo ambayo hayakuweza kuandikwa na hivyo yalipokewa kwa sikio tu. Go-Shirakawa anasimulia mwenyewe kwamba tangu ujana wake aliimba usiku na mchana, hata sauti ikampotea mara tatu na koo likamvimba kiasi kwamba kumeza maji kulimuumiza. Pamoja na juhudi zote hizo, alipompata Otomae alizipitia upya nyimbo alizofundishwa na wengine na kuzirekebisha zifuate njia ya bibi huyo. Otomae alipougua, mfalme alikwenda kumjulia hali na kumwimbia wimbo unaomsifu Yakushi, Buddha wa uponyaji, naye mgonjwa akalia kwa furaha. Alifariki mwaka 1169 akiwa na miaka 84. Mfalme aliikusanya hazina hiyo katika Ryojin hisho, mkusanyiko ambao umetufikia kwa sehemu ndogo tu, na hata sehemu hiyo iligunduliwa mwaka 1911.

Kulikuwa pia na asobi, waimbaji wa bandari za Eguchi na Kanzaki kando ya mto Yodo, ambao walipiga makasia hadi kwenye mashua za wasafiri huku wakiimba na kupiga ngoma. Baadhi yao walilala na wateja wao, na maandishi hayafichi jambo hilo; lakini kuwaita makahaba na kuishia hapo ni kufuta kazi ambayo wao wenyewe waliithamini kuliko zote.

Kundi lililoiteka ikulu zaidi ni shirabyoshi, waliojitokeza katika karne ya 12. Hawa walicheza wakiwa wamevaa mavazi ya kiume: kofia ndefu nyeusi, joho jeupe, suruali pana nyekundu iliyoburura sakafuni, upanga kiunoni na kipepeo cha kujipepea mkononi. Walianza kwa kuimba taratibu, kisha ngoma ikashika kasi na miguu ikapiga sakafu kwa vishindo. Anayejulikana zaidi ni Shizuka, binti wa Iso no Zenji ambaye naye alikuwa shirabyoshi. Mwaka 1186 alikuwa mateka mjini Kamakura, akiwa mjamzito wa Minamoto no Yoshitsune, mtu aliyekuwa akiwindwa na kaka yake mwenyewe, Yoritomo, mkuu wa serikali ya wapiganaji iliyokuwa Kamakura. Alilazimishwa kucheza katika hekalu la Tsurugaoka Hachiman mbele ya Yoritomo, huku wapiganaji wakimpigia ngoma na matoazi. Alichukua mashairi mawili ya kale, akabadili maneno machache, na yote mawili yakageuka kuwa wimbo wa kumlilia Yoshitsune aliyetoweka katika theluji ya mlima Yoshino. Yoritomo alighadhibika, na mkewe, Masako, ndiye aliyemtuliza. Mtoto alipozaliwa na kuonekana ni wa kiume, aliuawa.

Hadhi yao haikuwa ya muziki peke yake. Mfalme mstaafu Go-Toba alimpa shirabyoshi Kamegiku mapato ya mashamba ya Nagae na Kurahashi, kisha akaitaka serikali ya Kamakura iwaondoe wasimamizi wake huko. Serikali ilikataa, na mgogoro huo ukawa miongoni mwa sababu za vita vya mwaka 1221. Mimi siamini kwamba mashamba mawili yangetosha kuzua vita hivyo. Ugomvi wa madaraka ulikuwa umekomaa tayari. Hata hivyo, Go-Toba aliposhindwa na kupelekwa uhamishoni katika visiwa vya Oki, Kamegiku alikwenda pamoja naye.

Mtindo wa shirabyoshi ulififia baadaye, lakini kusemai, mchezo wa dansi na uimbaji unaohusishwa nao, uliendelea. Katika karne ya 14, Kan'ami, mmoja wa waasisi wa tamthilia ya Noh, aliusomea kusemai kwa mwanamke aliyeitwa Otozuru na kuuingiza katika michezo yake, na sehemu iitwayo kuse ingali inaimbwa katika majukwaa ya Noh hadi leo.