Malaria ya mpakani si hisani ya makampuni

Wengi hudhani kampuni ikichangia vita dhidi ya malaria inatoa sadaka, na kwamba fedha hizo zinaipunguzia serikali mzigo. Yaliyotokea Lubombo, eneo la mpakani kati ya Msumbiji, Afrika Kusini na Eswatini, yanaonyesha vingine.

Mwaka 1999 Msumbiji, Afrika Kusini na Swaziland (leo Eswatini) zilikubaliana kupulizia dawa ya mbu majumbani kuvuka mipaka yao. Kiwanda cha aluminiamu cha Mozal, karibu na Maputo, kilikuwa na sababu ya kujiunga: malaria iliwaangusha wafanyakazi wake wengi wakati wa ujenzi. Kumkinga mfanyakazi pekee hakutoshi ikiwa jirani yake anaugua, kwa hiyo kampuni ilichangia. Lakini serikali ziliendelea kubeba wajibu wao, na Mfuko wa Dunia, shirika la kimataifa linalofadhili vita dhidi ya UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ukaongeza fedha nyingi.

Maambukizi yalishuka sana, hata upande wa Afrika Kusini, maana wagonjwa wengi huvuka mpaka na vimelea mwilini. Hili, kwangu, ndilo jambo zito zaidi: fedha zilizotumika Msumbiji ziliwalinda majirani. Ufadhili ulipokatika mwaka 2011, malaria ikapanda tena kusini mwa Msumbiji.