Umeme umerudi, mbona seva ya nyumbani haijaamka?

Mvua ya Ziwa Victoria hupenda usiku. Ardhi ikipoa, upepo wa nchi kavu huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, ambako maji bado yana joto. Pepo hizo zikikutana, hewa hupanda na radi huanza. Sisi wa Nyegezi, Mwanza, tumezoea kuamshwa na ngurumo saa nane usiku, na kabla hujajifunika vizuri, umeme umeshakatika.

Usiku mmoja wa namna hiyo nilikuwa Nansio, Ukerewe. Asubuhi akanipigia dada yangu, anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba: "Kaka, daftari halifunguki." Daftari lake la wadeni limo kwenye seva yangu, kompyuta ya mezani ya mtumba niliyoiweka chini ya kabati la vyombo. Umeme ulikuwa umerudi tangu alfajiri na friji za majirani zinanguruma. Seva kimya.

Sasa, kwa nini friji irudi kazini yenyewe na kompyuta isirudi?

Swichi ya friji ukiiwasha inabaki imewashwa, umeme uwepo usiwepo. Kitufe cha kompyuta hakiko hivyo. Kiko kama kengele ya mlangoni. Unabonyeza, unaachia, na aliye ndani ndiye anayefungua. Kompyuta ya mezani iliyozimwa lakini imechomekwa huendelea kupokea volti 5 za akiba kutoka kwenye pawa saplai, na hizo ndizo zinazomlisha huyo aliye ndani, yaani saketi ndogo inayosubiri kitufe kibonyezwe. Umeme ukikatika, naye huzimika. Ukirudi, huzinduka na kusoma agizo aliloachiwa: baki umezima, washa, au rudi ulivyokuwa. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa na agizo la kwanza. Nalo lina maana, kwa sababu umeme unaorudi unaweza kukatika tena baada ya dakika moja, na diski iliyokuwa katikati ya kuandika ndiyo inayoumia.

Agizo hilo hubadilishwa ndani ya bayosi, ile programu ya kwanza kuamka kompyuta ikiwashwa, kwenye mstari wenye maneno kama "AC Power Loss". Mimi nilikuwa nimeshalibadilisha zamani, ndiyo maana nilichanganyikiwa. Jibu nililipata niliposhuka melini, nikafika nyumbani na kubonyeza kitufe. Kioo kilinitaka nibonyeze F1, na saa ya kompyuta ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Kwenye mashine za zamani kama yangu, maagizo ya bayosi hutunzwa na betri ya duara iitwayo CR2032: upana milimita 20, unene milimita 3.2, volti 3. Umeme wa ukutani ukiwepo, betri haina kazi kubwa, kwa hiyo inaweza kufa usijue. Siku umeme unapokatika ndipo inapohitajika, na siku hiyohiyo agizo lako linafutika.

Pengine utauliza kwa nini sikuiamsha kwa simu. Mbinu ya kuamsha kompyuta kwa mtandao ipo, kwenye menyu huandikwa WOL, na kampuni ya AMD ilichapisha maelezo ya ujumbe wake mwaka 1995. Ujumbe wenyewe ni mfupi: baiti 6 ambazo biti zake zote ni 1, kisha anwani ya kadi ya mtandao ya kompyuta unayoiita, imerudiwa mara 16. Jumla baiti 102. Kadi haielewi lugha yoyote. Inasubiri mpangilio huo tu, kama mtu aliyelala anayeshtuka akisikia jina lake.

Lakini ujumbe huo husafiri ndani ya nyumba. Ukiutuma kutoka Nansio, kwa kawaida unaishia kwenye ruta. Tena, kwenye mashine nyingi kadi huambiwa ikae macho wakati kompyuta inazimwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika ghafla, hakuna aliyeiambia.

Kwa hiyo nimeacha kutegemea WOL peke yake. Nilibadilisha betri, nikarudisha agizo la "washa", kisha nikaichomeka seva kwenye soketi janja inayobaki imezima umeme unaporudi. Soketi ndiyo inayotoka kwenda intaneti kunitafuta, kwa hiyo hata laini ya simu isiyoruhusu kuingiliwa kutoka nje haiizuii. Nikiona umeme umetulia, naiwasha kutoka kwenye simu. Seva inapata umeme, inasoma agizo, inaamka. Kuizima kwa soketi ikiwa inafanya kazi sithubutu, maana huko ni kuikatia umeme kwa mkono wangu mwenyewe. Na kama unaanza sasa, chukua laptopu ya zamani yenye betri nzima: umeme ukikatika kwa muda mfupi, haitajua. Ruta nayo itafutie betri yake, maana bila ruta hakuna kinachokufikia.

Ukimaliza kupanga, jaribu ukiwa bado nyumbani. Zima seva kwa utaratibu, chomoa waya ukutani, uache usiku kucha ili betri ya duara ipimwe kweli. Asubuhi chomeka, zima Wi-Fi kwenye simu utumie bando, toka nje ukae kwenye jiwe, uiwashe soketi, uone kama daftari litafunguka.