Hakuna lugha iliyozaliwa na ukali

Hapa Kisumu utasikia watu wakisema Kifaransa ni asali, Kijerumani ni kufoka, na Dholuo ni lugha ya ugomvi. Hili la mwisho huniuma.

Sikio halithibitishi hayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwapa watu 820, wazungumzaji wa Kiingereza, Kichina na lugha za Kisemiti, rekodi za lugha 228 wazipime utamu. Alama zilikaribiana mno. Lugha ilipanda hasa msikilizaji alipodhani anaitambua, na sauti za wanawake zilipendwa zaidi.

Jirani yangu wa Kondele humbembeleza mwanawe kwa Dholuo kila jioni, na mtoto hulala. Anayesikia ugomvi tu pengine ameisikia lugha hii stendi peke yake, makanga wakigombania abiria.