Je, wajua kwa nini tabibu wa Kichina hukukwangua mgongo unapokohoa?

Kikohozi kiko kifuani, lakini tabibu anakupaka mafuta mgongoni, anashika kijiko cha kauri au kipande cha pembe, kisha anakukwangua mpaka ngozi inaiva. Tiba hiyo huitwa gua sha: gua ni kukwangua, sha ni ule wekundu wa madoadoa unaojitokeza.

Kwa Wachina wa kale, pafu na ngozi ni nyumba moja. Huangdi Neijing, kitabu cha tiba kilichokusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kinasema pafu ndilo linalotawala ngozi na malaika (vinyweleo, si wale wa mbinguni). Chini ya ngozi huzunguka wei qi, nguvu ya ulinzi. Kazi yake ni kuupasha mwili joto na kufungua au kufunga vitundu vya jasho, mithili ya bawabu. Mchana huzunguka nje mara 25. Usiku huingia ndani na kuzunguka humo mara 25 nyingine. Ndiyo sababu, wanasema, aliyelala bila kujifunika hupatwa na mafua upesi: mlangoni hakuna mtu.

Mwizi anayeogopwa zaidi ni upepo. Akishaingia, kufunga mlango ni kumfungia ndani, kwa hiyo hutolewa kupitia ngozi, kwa kukwangua au kwa jasho. Tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi hadi mwanzoni mwa karne ya 3, aliacha maelekezo ya dawa iitwayo guizhi tang: vijiti vya mdalasini, mizizi ya peoni, tangawizi, urukususu na kunazi. Ukishainywa, unakunywa uji mwepesi wa moto na kujifunika kwa muda wa saa mbili hivi. Jasho lilowanishe mwili tu. Likitiririka kama maji, alionya, ugonjwa hautoki. Wanaojifukiza kwa nyungu hadi shuka likamuke wangemsikitisha.

Kuumika, yaani kufyonza ngozi kwa kikombe au pembe, nako kumo katika tiba hii, na hapo sisi wa pwani si wageni, maana chuku ya pembe tunaijua. Mwaka 2016 dunia nzima iliona miduara ya zambarau kwenye mabega ya muogeleaji Michael Phelps huko Rio.

Je, maelezo hayo nayo ni kupiga chuku? Hakuna chombo kilichowahi kupima qi, na ule wekundu ni damu iliyovuja kutoka mishipa midogo. Hufifia baada ya siku kadhaa. Lakini ngozi kweli ina walinzi. Mwaka 2001 watafiti wa Ujerumani walitangaza kwamba jasho lina protini ndogo, demsidini, inayoua bakteria.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asikwanguliwe wala asiumikwe kabla ya kumuuliza daktari wake.