Kwa nini Linux hukubali nenosiri lako kwa mbali kisha ikakuonyesha skrini nyeusi?

Kompyuta yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, iko ofisini, imewashwa. Wewe uko nyumbani na kompyuta ya Windows, umefungua programu ya kuunganisha eneo-kazi la mbali na kuandika anwani. Kinatokea kidirisha cha xrdp, programu ya Linux inayopokea miunganisho ya mbali, kikiuliza jina na nenosiri. Unajaza, kinakubali. Halafu skrini inakuwa nyeusi tii, pengine na mshale wa kipanya katikati, na inabaki hivyohivyo. Au inawaka sekunde moja kisha dirisha lote linafungika. Unampigia mwenzako aliyebaki ofisini, naye anakuambia kompyuta ni nzima kabisa: imefunguka, jina lako liko juu, hata mafaili uliyokuwa ukifanyia kazi bado yako wazi.

Maneno ya huyo mwenzako ndiyo jibu lenyewe. Skrini yako ni nyeusi kwa sababu kule ofisini kompyuta imefunguka kwa jina lako.

Wengi hawaamini hivyo, hukimbilia mtandao. Wanazima ruta na kuiwasha, wananunua bando jingine, wanaomba poti zote (milango ya mtandao yenye namba) zifunguliwe, na wengine hufika mahali pa kuzima fayawoli kabisa. Hatua hiyo ya mwisho ni ya hatari, na haigusi tatizo. Kile kidirisha cha kuingilia hakikuchorwa na kompyuta yako. Kilichorwa na kompyuta ya ofisini, kikatumwa kwako kikiwa picha. Ili kikufikie, ilibidi ombi lako lifike kwenye poti 3389, kuwe na programu inayosikiliza hapo, pande mbili zikubaliane namna ya kusimba mazungumzo yao, na picha irudi salama. Ulipobonyeza, jina na nenosiri vilikwenda, vikakaguliwa, vikakubaliwa. Hata ule weusi ni picha iliyosafiri kwa njia ileile. Ukiiona skrini nyeusi, basi umeshapata uthibitisho kwamba mtandao unafanya kazi.

Mtandao ukiwa na kasoro kweli, dalili zake ni nyingine, na zinafaa kutofautishwa. Ukiambiwa papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa, maana yake kompyuta imefikiwa lakini hakuna programu inayosikiliza kwenye poti ile: xrdp haijawashwa au imeanguka, na `systemctl status xrdp` itakueleza. Ukisubiri muda mrefu kisha ukaambiwa muda umekwisha, pakiti zako zinapotea njiani: kompyuta imezimwa, anwani si yenyewe, au fayawoli inazitupa kimyakimya, kama inavyofanya ufw ya Ubuntu ikiwashwa bila kuruhusiwa poti hiyo. Katika hali zote hizo mbili hutakiona kidirisha cha kuingilia.

Mwenye shaka anaweza kujipimia. Akae kwenye kompyuta iliyo ndani ya ofisi ileile, au apitishe muunganisho ndani ya SSH, njia salama ya kutoa amri kwa kompyuta ya mbali, kwa `ssh -L 3390:localhost:3389` ikifuatiwa na jina lake na anwani, kisha aunganishe kwa `localhost:3390`. Weusi ukibaki, mtandao hauhusiki. Njia hiyo ya SSH ni nzuri hata baada ya tatizo kuisha, maana poti 3389 haifai kuachwa wazi kwa intaneti nzima. Hutafutwa mno na wadukuzi.

Wengine hulaumu kadi ya michoro, wakabadilisha dreva usiku kucha. Lakini katika mpangilio wa kawaida xrdp haitumii kadi hiyo wala monita ya ofisini. Huunda skrini ya kufikirika ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, ikachora humo, kisha ikakutumia mchoro.

Na hapo ndipo lilipo kosa kubwa linalozaa mengine yote: kudhani kwamba kuunganisha kwa mbali ni kuchungulia ile monita iliyoko ofisini. Dhana hii ina chanzo cha haki. Ukiunganisha kwenye Windows ya kawaida kwa akaunti yako mwenyewe, monita ya kule hujifunga na wewe ukakuta madirisha yako yote kama ulivyoyaacha. Kikao ni kilekile, kimehamishwa tu. Itifaki, yaani lugha ya mawasiliano kati ya kompyuta hizo, ni ileile ya RDP, iliyotoka Microsoft mwaka 1998 pamoja na toleo la Windows NT 4.0 la kutumiwa na watu wengi kwa mbali, kwa hiyo mtu hutegemea tabia nayo iwe ileile. Xrdp huzungumza lugha hiyo vizuri, lakini nyuma yake kuna mfumo wenye desturi nyingine. Mfumo wa picha wa X ulianza MIT, Marekani, mwaka 1984, na toleo lake la 11, ambalo bado linatumika, ni la 1987. Kompyuta moja inaweza kuwa na skrini kadhaa za X, kila moja na namba yake. Iliyo kwenye monita mara nyingi ni `:0` au `:1`. Xrdp huanza kuhesabu kwenye `:10`. Unapoingia kwa xrdp, kwa kawaida hupelekwi kwenye eneo-kazi lililoko kwenye monita. Unafunguliwa jipya kabisa, la pili.

La pili kwa mtu yuleyule. Hilo ndilo linaloleta shida, na ufundi wake ni wa kupendeza ukiuelewa.

Fikiria soko la manispaa. Kila mfanyabiashara ana kizimba kimoja, na daftari la soko huandika jina la mwenye kizimba ili wateja na wapagazi wajue pa kumkuta. Asubuhi mfanyabiashara anaingia kwa geti la mbele, anapanga bidhaa, anatoka bila kufunga. Mchana anarudi kwa geti la nyuma na mzigo mwingine. Mlinzi anamtambua, anampisha. Akifika ndani anakuta daftari linasema kizimba cha jina lake kimeshajaa. Hakuna aliyemzuia kuingia, na kitambulisho chake ni halali. Amekosa tu pa kushusha mzigo. Mpagazi akiulizia jina lake anaelekezwa kwenye kizimba cha asubuhi. Mfanyabiashara anabaki amesimama uchochoroni na mzigo kichwani, na mteja aliyekuja kwa geti la nyuma haoni bidhaa yoyote.

Geti la nyuma ni xrdp. Mlinzi ni ukaguzi wa nenosiri. Daftari ni huduma iitwayo D-Bus, ambayo kwayo programu za eneo-kazi hutafutana na kupeana ujumbe. Kila sehemu kubwa ya eneo-kazi hujisajili humo kwa jina, na jina moja huwa na mmiliki mmoja kwa wakati mmoja. GNOME, eneo-kazi la kawaida la Ubuntu, hujisajili kwa `org.gnome.Shell`. Zamani kila kikao kilikuwa na daftari lake. Siku hizi, katika Ubuntu, Debian na ndugu zao, daftari ni moja kwa kila mtumiaji, hata afungue vikao vingapi. Mtumiaji wa kwanza wa kompyuta, mwenye namba 1000, lake liko `/run/user/1000/bus`. Juu ya hapo, systemd, programu inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux, huendesha msimamizi mmoja tu kwa kila mtumiaji, na kuanzia toleo la 3.34 la mwaka 2019 GNOME inaweza kuanzishwa kupitia msimamizi huyo. Ukiingia mara ya pili, huduma za eneo-kazi tayari zinaendeshwa na jina limeshachukuliwa.

Kwa hiyo zile dalili mbili zinaelezeka. GNOME ya pili ikikwama katikati, ile skrini ya kufikirika `:10` ipo hai lakini hakuna anayepaka chochote juu yake: nyeusi. GNOME ya pili ikikata tamaa na kutoka, xrdp huona kikao kimekwisha na kufunga muunganisho: dirisha linawaka na kuzimika. Faili la `/var/log/xrdp-sesman.log` huliandika jambo hili waziwazi. Katika matoleo mapya utakuta mstari unaosema kwamba programu ya madirisha kwenye skrini namba 10 imetoka haraka mno, pengine baada ya sekunde 0. Mstari huo una thamani kuliko saa nzima ya kubahatisha.

Kinyume chake hutokea pia. Mtu anafanya kazi kwa mbali usiku, anafunga dirisha bila kutoka rasmi, asubuhi anaketi mbele ya monita ofisini. Anaandika nenosiri, linakubaliwa, na kompyuta inamrudisha palepale pa kuandika nenosiri. Anadhani nenosiri limeharibika. Kikao cha usiku bado kiko hai, na safari hii ndicho kinachokikalia kizimba.

Dawa ya moja kwa moja ni kukiondoa kikao cha kwanza. Ingia kwa SSH, andika `loginctl list-sessions`, tazama namba ya kikao kilichoko kwenye monita, kisha `loginctl terminate-session` na namba hiyo. Kazi ambayo haijahifadhiwa ndani yake itapotea, basi uliza kwanza kama kuna mtu ameketi pale. Kama kompyuta imewekwa kuingia yenyewe bila kuuliza nenosiri, tatizo litarudi kila inapowaka upya: umeme unakatika, unarudi, kompyuta inajifungua kwa jina lako kabla hujaamka, na wewe siku zote unakuwa mgeni wa pili. Zima hiyo tabia ya kujiingiza. Au fungua akaunti nyingine ya kutumia kwa mbali tu, ambayo itakuwa na daftari lake na msimamizi wake. Mimi naiona kuwa ndiyo njia safi kuliko zote.

Kuna dawa nyingine inayozunguka sana: kuhariri `/etc/xrdp/startwm.sh` na kuongeza mistari `unset DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS` na `unset XDG_RUNTIME_DIR`. Inachofanya ni kukisahaulisha kikao kipya lilipo daftari la kwanza, ili kifunguliwe lake. Kwa eneo-kazi jepesi kama Xfce mara nyingi inatosha. Kwa GNOME mpya siwezi kuiahidi, kwa kuwa yule msimamizi mmoja wa systemd bado yupo. Na hata inapofanya kazi, sauti au hifadhi ya manenosiri inaweza kugoma, maana nazo hutafutwa mahali palepale palipofichwa. Wanaotaka Xfce kwa mbali huisakinisha na kuandika neno `xfce4-session` ndani ya faili la `.xsession` katika saraka yao ya nyumbani.

Si kila weusi una asili hii. Diski ikijaa, kikao hakiwezi kuandika faili zake za mwanzo. Angalia kwa `df -h`. Faili la `.Xauthority`, lenye ruhusa yako ya kutumia skrini, likiwa limeingia mikononi mwa root, mtumiaji mkuu wa kompyuta, kwa amri ya `sudo` iliyotumika vibaya, matokeo hufanana. Lakini kama hakuna mtu aliyeingia kwenye monita na bado ni nyeusi, ndipo uanze huko, si kabla.

Sasa linakuja jambo la ajabu zaidi. Ubuntu 22.04 ina huduma yake ya kushiriki eneo-kazi kwa RDP, iliyokuja na GNOME 42, nayo inataka kinyume kabisa cha xrdp. Hiyo ndiyo inayochungulia monita. Kama hakuna aliyeingia, hakuna cha kuonyesha, na muunganisho unakataliwa. Skrini ikijifunga, kazi imesimama. Xrdp inataka usiwe umeingia. Huduma hii inataka uwe umeingia. Zote mbili hutaka poti 3389. Mtu aliyewasha zote mbili kwa kutaka uhakika hujipatia kompyuta inayofanya kazi au kugoma kwa kutegemea huduma gani iliwahi poti na nani ameketi ofisini. Chagua moja, zima nyingine.

Hata ile hila ya kuiacha kompyuta ijiingize yenyewe haiponyi hapo. Nenosiri la huduma ya GNOME huhifadhiwa ndani ya hifadhi inayofunguliwa na nenosiri lako unapoingia. Usipoliandika, hifadhi inabaki imefungwa, na huduma haiwezi kulisoma nenosiri inalopaswa kukulinganisha nalo. GNOME 46 ya mwaka 2024, iliyomo ndani ya Ubuntu 24.04, imeongeza njia ya kuingia kwa mbali kupitia ukurasa wa kuingilia wenyewe, bila mtu kutangulia kwenye monita. Ila kanuni ya eneo-kazi moja la GNOME kwa mtumiaji mmoja haijaondoka.

Tofauti hii ya kuchungulia na kufungua jipya ndiyo inayoamua pia kama kompyuta inahitaji monita. Xrdp haiihitaji. Huduma zinazochungulia huihitaji, na kompyuta iliyofungiwa kabatini bila monita huenda isitengeneze picha yoyote ya kuchunguliwa. Wenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi wanaotumia VNC, njia nyingine ya kuchungulia eneo-kazi kwa mbali, wanalijua hili kupitia ujumbe unaosema eneo-kazi haliwezi kuonyeshwa kwa sasa. Huko kebo ya mtandao haina kosa. Chomeka monita kabla ya kuwasha, au kiplagi kidogo cha HDMI kinachojifanya monita, au uweke ukubwa wa skrini ya VNC ndani ya `raspi-config`, kisha uiwashe upya.