Je, Wajua Kwa Nini Nguo Tatu Nyepesi Humfaa Mwanamume Kuliko Koti Moja Zito Majira ya Machipuko?

Saa moja asubuhi hewa ina nyuzijoto 6 na ukipumua mvuke unauona. Saa nane mchana wa siku hiyohiyo imefika 18, na jua linachoma shingo. Mwanamume aliyetoka nyumbani na koti lake la baridi sasa amelikunja mkononi, na shati limemganda mgongoni. Mwenzake aliyetoka na shati tupu alitetemeka asubuhi, na jua likizama atatetemeka tena. Wote wawili wamevaa nguo nzuri, ila kila mmoja amevalia nusu ya siku.

Chanzo cha usumbufu huu ni kwamba majira ya machipuko jua hutangulia na hewa hufuata nyuma. Usiku na mchana hulingana karibu na Machi 20 kaskazini mwa dunia, na karibu na Septemba 22 kusini. Kufikia hapo jua limekwisha kupata nguvu, lakini ardhi na maji bado yana baridi ya miezi iliyopita. Mchana uso wa ardhi hupata moto haraka. Usiku, anga ikiwa haina mawingu, joto lile hupaa na kupotea. Ndiyo maana hatua chache tu kutoka juani kuingia kivulini zinatosha kukufanya ufunge vifungo.

Mwili wako nao hautoi joto lilelile muda wote. Mtu mzima aliyekaa ametulia hutoa joto la wati 100 hivi, kama balbu moja ya zamani. Akitembea kwa haraka, kiasi hicho huwa mara tatu hadi nne. Kwa hiyo nguo iliyokutosha ulipokuwa umesimama ukingoja basi itakutoa jasho ukiamua kwenda kwa miguu. Ninapopanga kabati la majira haya, uzito wa nguo huwa naufikiria baadaye. Kwanza huuliza: je, ninaweza kupunguza au kuongeza kiasi gani nikiwa hukohuko nje?

Kiasi hicho kinapimika. Mwaka 1941 wanasayansi watatu, Gagge, Burton na Bazett, walipendekeza kipimo cha mavazi kiitwacho klo. Klo 1 ni nguo zinazomtosha mtu aliyekaa katika chumba cha nyuzijoto 21, hewa ikiwa imetulia, asisikie baridi wala joto. Ni karibu sawa na suti kamili. Kwa vipimo vinavyotumika siku hizi, fulana ina takribani 0.08, shati la mikono mirefu 0.25, sweta nyepesi 0.25, suruali ya kitambaa kizito kidogo 0.24, na jaketi jepesi 0.36. Nguo ya ndani, soksi na viatu kwa pamoja ni 0.08 hivi.

Sasa jumlisha. Ukivaa vyote unapata karibu 1.26. Vua jaketi, zinabaki 0.90. Vua na sweta, unashuka hadi 0.65. Upepo ukianza kuvuma, rudisha jaketi juu ya shati bila sweta, unapanda hadi 1.01. Hizo ni ngazi nne kutoka nguo zilezile, na hujafungua kabati mara ya pili. Koti zito lina ngazi mbili tu: umelivaa au umelibeba.

Kinachofanya kazi hapo hasa ni hewa. Kitambaa chenyewe hakizalishi joto. Kazi yake ni kuishika hewa isitembee, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana. Kati ya fulana na shati kuna tabaka la hewa, kati ya shati na sweta kuna lingine. Nguo ikibana, hewa hiyo haina pa kukaa. Ikipwaya mno, kila hatua unayopiga inaisukuma hewa itokee kwenye kola na kwenye pindo la chini.

Hapa ndipo wanaume wengi hukosea, na ningependa tuangalie kwa makini. Tunanunua shati likiwa peke yake, sweta ikiwa peke yake, jaketi likiwa peke yake, halafu tunashangaa hazivaliki pamoja. Jaribu hivi: vaa shati, shika ncha za mikono yake kwa vidole zisipande, kisha vaa sweta juu yake. Inua mikono yote miwili kana kwamba unashusha kitu kwenye rafu ya juu, uishushe, halafu pitisha kiganja kwenye kwapa na kwenye kiwiko. Ukikuta shati limejikunja likawa kama fundo, sweta hiyo ni nyembamba kwako, hata kama kwenye kioo inapendeza. Vaa jaketi juu ya sweta na utazame mshono wa bega. Unatakiwa uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Mikono mirefu kupita kiasi fundi ataikata, na kiuno atakipunguza, lakini bega likikosewa ni kulifumua jaketi lote.

Fulana iwe ya pamba, kwa kuwa ni laini na inafulika bila masharti. Ubaya wa pamba ni kwamba ikilowa jasho, maji huchukua nafasi ya hewa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Ile baridi ya ghafla mgongoni ukisimama baada ya kutembea inatoka huko. Kwa hiyo sweta ningeichagua ya sufu nyembamba. Sufu hufyonza mvuke hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujaihisi imelowa, wakati poliesta, yaani nyuzi za plastiki, hainyonyi hata asilimia 1. Wanaosema sufu inawasha wamekutana na nyuzi nene: unene wake ukizidi mikroni 30 hivi (mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ncha zake huichoma ngozi badala ya kupinda. Sufu ya kondoo wa merino huwa chini ya 24. Usiipime kwa kiganja, kwa sababu ngozi ya kiganja ni ngumu. Iweke shingoni, chini ya sikio, uihesabie dakika moja.

Kitani kisubiri siku za mwisho za majira, joto likishakolea. Kinakunjamana, ndiyo, lakini ugumu wake huo ndio unaokizuia kung'ang'ania ngozi.

Suruali tatu zinatosha: jinzi moja na mbili za kaki. Neno kaki lina asili ya Kiajemi, khak, maana yake vumbi au udongo, na rangi ya udongo haigombani na shati lolote. Kwa jaketi, tafuta kitambaa kilichofumwa kwa kubanana, kama gabardini aliyoibuni mtengenezaji wa nguo wa Uingereza, Thomas Burberry, mwaka 1879. Nyuzi zake zilitiwa dawa ya kuzuia maji kabla ya kufumwa, hivyo kitambaa kikazuia upepo na manyunyu bila kumfungia mvaaji jasho ndani.

Rangi hazihitaji maneno mengi. Buluu iliyokoza, kijivu, nyeupe na kaki zinaelewana zenyewe. Mashati manne na suruali tatu ni mavalio 12. Ukizidisha kwa zile ngazi nne, unapata 48, mradi pasiwe na nguo hata moja inayokataa kukaa na mwenzake.

Viatu viwe jozi mbili, uzipishane siku kwa siku, kwa kuwa ngozi iliyopata unyevu wa mguu na wa ardhi haikauki kwa usiku mmoja.

Kabla ya kulipia sweta, ikunje mara tatu uitie kwenye mkoba unaotembea nao kila siku. Ikigoma kuingia, irudishe na uombe iliyo nyembamba zaidi, maana kila mchana itabidi ikae humo mpaka jua litue.